Kodi ya Joto

Watu wa pwani tumezoea kumsingizia Mungu joto. Mpangaji akilalamika kwamba chumba hakilaliki, mwenye nyumba humjibu kwa upole kuwa huu ni mwezi wa Januari, kaskazi inavuma, basi avumilie mpaka kusi iingie. Mimi nimepanga Mkwaja na nimelala katika chumba cha aina hiyo, na jibu hilo silikubali. Kaskazi ni ya Mungu. Bati lisilo na dari ni la mwenye nyumba.

Hebu tuitazame nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili, kama tunavyoiona Pangani, Tanga hata Dar es Salaam, ina ukumbi katikati unaoanzia mlango wa mbele, penye baraza, hadi mlango wa uani. Vyumba vimepangwa huku na huku. Watu hudhani ukumbi ule ni wa kupita watu tu, kumbe ni njia ya hewa. Mchana upepo wa bahari huingia upande mmoja ukatokea wa pili. Usiku umande, yaani ule upepo wa nchi kavu ambao wavuvi hutoka nao, hurudi kinyume. Kuta za ndani hazikufika kwenye paa, hivyo hewa ya moto ilipanda, ikapita juu yake, ikajipenyeza kwenye makuti. Ng'ambo, huko Dubai, wafanyabiashara waliotoka Uajemi walijenga minara juu ya nyumba zao ili kuunasa upepo na kuushusha vyumbani. Mnara wetu sisi ulikuwa umelazwa chini.

Sasa mwenye nyumba anafanya nini? Anaziba mlango wa uani apate chumba kimoja zaidi. Anaondoa makuti (kwa hilo simlaumu, makuti hushika moto na kila baada ya miaka michache hutaka kuezekwa upya) anaweka bati, lakini dari haweki, kwa kuwa dari haionekani barabarani. Dirisha ni moja, nalo linatazama ukuta wa jirani. Kufika saa sita mchana mpangaji yumo ndani kama wali uliopaliwa makaa juu ya mfuniko.

Kisha huja na maendeleo yake: anatundika pangaboi kwenye boriti, na kodi inapanda. Pangaboi halipoozi hewa, linaizungusha tu. Likivuta joto la bati, linakurushia joto la bati. Kiyoyozi nacho, chini ya paa lisilo na dari, ni kuteka maji kwa pakacha. Na umeme wa LUKU ananunua nani? Mpangaji. Yaani mwenye nyumba analiingiza joto bure, mwingine analitoa kwa fedha zake.

Wapo watakaosema asiyeridhika ahame. Ahamie wapi? Mkwaja si mji wa Tanga. Mwalimu au muuguzi aliyepangiwa kazi huko hukuta vyumba vya kuhesabu, naye keshalipa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mazungumzo ni ya watu wawili, mmoja wao ndiye mwenye ufunguo.

Sidai kiyoyozi, la hasha. Nadai mlango wa uani ufunguliwe, dari iwekwe hata ya mbao nyepesi, na juu yake yaachwe matundu pande mbili za paa ili joto la bati lipate pa kutokea. Bati likipakwa rangi nyeupe, afadhali zaidi. Hayo yakishafanyika, ndipo tuzungumze habari ya kupandisha kodi. Na mwenye nyumba asiyetaka, chumba chake akawapangishe wakausha mbata.