Uokoaji Huanza Kabla ya Ajali

Wahenga walisema ajali haina kinga. Msemo huu una ukweli wake, lakini katika nchi yetu umekuwa ukitumiwa vibaya. Kila watu wanapoangamia majini, motoni au relini, hawakosekani wanaoukimbilia ili kulifunga jambo: imeandikwa, imekwisha, tuzike turudi kazini. Sisi hatukubaliani nao. Hata kama ajali yenyewe haina kinga, wingi wa vifo vyake unayo kinga, nayo hutayarishwa siku nyingi kabla ya kilio kusikika.

Tunaandika haya tukiwa Dodoma, na msomaji wetu wa Visiwani ana haki ya kuuliza uwanda huu mkavu unamhusu nini. Jibu lake liko relini. Tarehe 24 Juni, 2002, garimoshi la abiria lililobeba watu zaidi ya 1,200 lilishindwa kushika breki mlimani, baina ya stesheni za Msagali na Igandu mkoani Dodoma. Lilirudi nyuma kwa kasi na kugongana na garimoshi la mizigo lililokuwa katika njia hiyo hiyo. Watu 281 walipoteza maisha. Waliotangulia kuwavuta majeruhi kutoka katika mabehewa yaliyopondeka walikuwa abiria waliosalimika na wanavijiji wa jirani, kwa mikono mitupu. Marehemu ambao hawakutambuliwa walizikwa pamoja Maili Mbili, mjini Dodoma.

Hatusemi kwamba wote wangeokoka. Tunasema kwamba chuma kilichopondeka hakikatwi kwa huruma. Hukatwa kwa mashine, na mashine humtaka mtu aliyezoea kuishika. Wakati ule kazi ya zimamoto Tanzania Bara ilikuwa zaidi mikononi mwa halmashauri za miji, kila moja kwa uwezo wake. Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyoweka Jeshi moja la Zimamoto na Uokoaji, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, na haifai kubezwa.

Watu wengi wakisikia kikosi teule cha dola, huwaza ngao, virungu na bunduki. Kikosi tunachokizungumzia silaha yake kuu ni kamba. Katika uwanda wa kati mvua ni ya msimu mmoja na maji ni ya taabu, kwa hiyo watu huchimba visima virefu kwa mikono. Mtu akitumbukia, ndugu yake humfuata papo hapo, na aghalabu huyo wa pili naye hapandi tena. Chini ya kisima kirefu hewa safi huwa haba, na pengine imetuama hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu hulegea kabla hajatambua kinachomuua.

Askari mwokoaji anayejua kazi yake hashuki mbio. Hupima hewa kwanza, hujifunga mkanda na kamba, hubeba mtungi wa hewa mgongoni, na huwaacha wenzake juu wakiwa wameishika kamba hiyo. Jamaa waliozunguka kisima humwona mzito na hata humtukana, kumbe dakika zile chache anazozitumia kujifunga ndizo zinazozuia kaburi moja lisiwe mawili. Uzito huo haupatikani kwa gwaride. Hupatikana kwa kukagua kamba kila zamu inapoanza, kwa kurudia zoezi lile lile mara mia, na kwa kumtii kiongozi anayesema subiri.

Mkasa wa MV Bukoba mwaka 1996 ulitufundisha somo hilo kwa bei kubwa. Meli ilipinduka katika Ziwa Victoria, na watu walionaswa ndani walisikika wakigonga. Waokoaji walitoboa ubavu wa chombo ili kuwatoa, hewa iliyokuwa ikikielemeza ikatoka, na meli ikazama. Nia ilikuwa njema kabisa. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika ziwa hilo hilo, na wazamiaji walimtoa hai fundi wa chombo siku mbili baadaye, kutoka mahali palipobaki hewa. Hewa ile ile iliyopotea mwaka 1996 iliokoa nafsi mwaka 2018. Na chuoni tangu utotoni tulifundishwa jinsi nafsi moja ilivyo na uzito mbele ya Mwenyezi Mungu.

Lakini kikosi, hata kiwe hodari namna gani, aghalabu si cha kwanza kufika. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba, 2022, ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliotangulia. Watu 24 waliokolewa na 19 wakafariki. Kijana mvuvi aliyesifiwa kwa ushujaa wake alipewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nungwi nako, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, MV Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, wavuvi walitoka na vyombo vyao, na watu zaidi ya 600 waliokolewa. Ni vyema kumtunuku shujaa baada ya ajali. Ni vyema zaidi kuwafundisha wenzake kabla ya ajali nyingine.

Hapa ndipo penye hatari mpya. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inasafiri baina ya Dar es Salaam na Dodoma, kwa kasi inayofikia kilomita 160 kwa saa, ikipita hata ndani ya mahandaki katika milima ya Kilosa. Ni fahari ya taifa, na Wazanzibari wengi wenye shughuli za Bunge, wizara na Chuo Kikuu cha Dodoma huipanda. Lakini juu yake kuna nyaya za umeme mkubwa. Wanavijiji wakiikimbilia treni ya namna hiyo kama walivyolikimbilia garimoshi la Igandu, kabla umeme haujakatwa, watakufa pamoja na wale wanaotaka kuwaokoa. Huruma ya mwaka 2002 haitatosha. Sasa inahitaji elimu.

Kwa hiyo tunawashauri viongozi wenye dhamana, Bara na Visiwani, mambo matatu.

Kwanza, zana za uokoaji zisikusanywe katika miji mikubwa peke yake. Kila wilaya inayopitiwa na reli iwe na askari wenye mashine za kukatia vyuma, machela na mitungi ya hewa, na kila bandari inayosafirisha abiria iwe na wazamiaji walio tayari.

Pili, mazoezi yafanywe pamoja na wananchi. Vijiji vya kandokando ya reli vijue namba ya dharura 114, vijue nani huamuru umeme ukatwe, na vijue nini kisiguswe. Wavuvi wetu nao wapewe mafunzo kama hayo na KMKM pamoja na Kikosi cha Zimamoto na Uokozi cha Zanzibar.

Tatu, mwokoaji mwenyewe atunzwe. Askari aliyebeba maiti za watoto usiku kucha hawezi kuambiwa asubuhi ashike zamu kana kwamba alikuwa akibeba magunia. Apewe mapumziko, tiba na mtu wa kumsikiliza. Asiyetunzwa atavaa sare, lakini siku ya siku mkono wake utatetemeka juu ya kamba.

Wako watakaosema fedha hazitoshi. Tunawajibu kwamba zoezi la siku moja kijijini halihitaji fedha za kigeni, na kukagua kamba hakungoji bajeti mpya. Waliolala Maili Mbili hawawezi kutudai kitu. Wanaopanda treni kesho asubuhi wanatudai, nao bado wana sauti.