KONA YA SINDANO: Blanketi la viraka kwa njia tatu, na kitenge kisichokatwa

Wapendwa wasomaji, mama zetu, dada zetu, na nyinyi wababa mnaofungua ukurasa huu mkisema mnatafuta habari za mpira: tunawasalimu nyote. Sisi wa Kona ya Sindano tuko salama, ila baridi tu.

Juni na Julai za hapa Dowa mnazijua wenyewe. Mtu aliyetoka Uvira au Bujumbura, kule kwenye joto la ziwa, akifika Malawi anashangaa: kumbe Afrika nayo ina baridi namna hii? Dzaleka iko juu, kwenye uwanda wa kati wa nchi, na upepo wa usiku unaingia chini ya bati bila kubisha hodi. Watoto watatu wanajifunika blanketi moja, na yule wa pembeni ndiye anayekohoa asubuhi. Tena mnakumbuka kwamba mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Nyumba zikabanana, na blanketi likazidi kugawanywa. Kwa hiyo mwezi huu tumeweka pembeni sare za shule, tunazungumza habari ya blanketi la viraka. Kamusi inaliita mfarishi. Sisi tuseme tu blanketi la viraka, tutaelewana.

Kitambaa tunatoa wapi? Kwa mafundi wetu. Chini ya kila cherehani kuna vipande vya kitenge, au kikwembe kama tunavyosema sisi wa Kivu, au chitenje kama wanavyosema wenyeji wetu. Kuna pia kaunjika zilizochoka, na mashuka yaliyopasuka katikati lakini bado ni mazima pembeni. Zamani vipande hivyo vilikuwa vya kujazia mito au kuwashia moto. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao, na sisi tunaongeza: usichome hata ukingo wa mbachao.

Kikundi chetu cha wanawake kumi na mmoja kimekuwa kikishona viraka kwa njia moja tu, ile ya mraba na mraba, kama vigae vya sakafuni. Ni njia nzuri, lakini inataka vipande vikubwa vikubwa. Fundi hana vipande vya mraba. Anachobakiza ni vyembamba kama utepe. Basi toka Machi mpaka Mei tumejaribu njia tatu ambazo kwetu ni mpya, ingawa kwa wenyewe ni za zamani sana. Kila njia tumeshona blanketi moja la mtoto, tukalifua mara tano kwa sabuni ya mche, na watoto wakalilalia. Haya ndiyo tuliyoyaona.

NJIA YA KWANZA: NYUMBA YA MAGOGO

Njia hii inajulikana sana Marekani. Wameipa jina hilo kwa sababu vipande vyembamba vinazunguka mraba wa katikati kama magogo yanavyopangwa kujenga ukuta. Kuna kijiji kimoja cha Alabama kinaitwa Gee's Bend, pale mto unapojikunja. Wanawake wa huko, wajukuu na vitukuu wa watumwa, walikuwa na muundo wa ukoo huo huo wanaouita paa la nyumba. Walishona kwa sababu baridi ilikuwa inapita kwenye mbao za nyumba zao, na kitambaa chao kilikuwa nguo za shambani zilizokwisha. Mwaka 2002 blanketi hizo zilitundikwa kwenye jumba la makumbusho la Houston, halafu New York, na mwaka 2006 zikachapwa kwenye stempu za posta za Marekani. Vitu vilivyoshonwa kwa shida ya baridi!

Fanyeni hivi. Kata mraba wa katikati wenye sentimita 11 kila upande. Kata utepe wenye upana wa sentimita 5. Shona utepe mmoja upande mmoja wa mraba, fungua, kandamiza kwa pasi ya mkaa au kwa ukucha, kata unapozidi. Geuza, shona wa pili, na wa tatu, na wa nne. Hapo umemaliza mzunguko mmoja. Zunguka mara nne, jumla utepe 16. Mshono uwe sentimita 1 kila upande. Ukiunganisha vipande vyako, kila kimoja kitakuwa na sentimita 33. Panga vitatu kwa upana na vinne kwa urefu, yaani 12, na utapata blanketi la sentimita 99 kwa 132. Mtoto wa miaka sita anafunikwa mpaka miguu.

Uzuri wake: cherehani inakimbia, na hata utepe wa vidole vitatu unapata kazi. Ukiweka rangi za giza pande mbili na rangi za mwanga pande mbili, blanketi linapendeza hata bila maua. Ubaya wake: linakula kitambaa. Utepe wa sentimita 5 unabaki sentimita 3, maana yake katika kila mita tano, mbili zimeingia ndani ya mshono. Halafu jinzi usiitie humo. Mishono inapandana, inakuwa minene kama kamba, na sindano ya cherehani inavunjika. Hii ni njia ya kitenge na shati. Mwishoni tia bitana ya shuka la zamani, na ushikize tabaka zote kwa mafundo ya uzi kila baada ya shubiri moja, la sivyo bitana itatembea.

NJIA YA PILI: KUTOKA PEMBENI KWENDA KATIKATI

Hii ni ya ndugu zetu wa mbali. Huko India, katika jimbo la Karnataka, wanaishi watu wanaoitwa Wasidi. Mababu zao walitoka Afrika, wengi wao wakitolewa pwani ya mashariki, wengine kama watumwa, wengine kama askari na mabaharia. Wanawake wao wanashona blanketi linaloitwa kawandi, kwa mkono, kwa nguo kuukuu za nyumbani.

Hapa hakuna kupima. Tandika bitana yako chini, shuka au kitambaa chochote kizima. Anza kwenye kona moja. Kunja ukingo wa kiraka ndani kidogo, kiweke juu ya bitana, na ukipitishie sindano juu chini, juu chini, yaani bandi fupi fupi. Kiraka kinachofuata kinafunika ukingo mbichi wa kile kilichotangulia. Unazunguka kingo zote nne kwanza, halafu unaingia ndani, mistari ya bandi ikifuatana kwa upana wa kidole, mpaka unafunga katikati kwa kiraka cha mwisho. Kwenye kona nne wanashona vipande vidogo vilivyokunjwa wanavyoviita phula, maana yake maua. Wasidi wanasema kawandi bila maua hayo liko uchi.

Uzuri wake: hakuna kitambaa kinachopotea, kiraka kinaingia na umbo lake, kiwe pembe tatu au kiwe kama ramani ya nchi. Jinzi na kitenge vinakaa pamoja. Cherehani haihitajiki, kwa hiyo unaweza kushona ukingoja zamu ya maji. Kushona na kushikiza bitana ni kazi moja, hakuna mafundo ya baadaye. Ubaya wake ni muda. La kwanza lilichukua wanawake watatu wiki nne, kila jioni. Lakini baada ya kufuliwa mara tano, ni hilo lililotoka kwenye beseni kama lilivyoingia.

NJIA YA TATU: TABAKA KWA TABAKA

Hii inatoka Bengal, yaani Bangladesh ya leo na upande wa India wa jirani. Inaitwa kantha. Wanawake wanachukua sari zilizolainika kwa kuvaliwa, wanazipanga moja juu ya nyingine, na kuzishona pamoja kwa bandi tupu. Hata uzi, zamani walikuwa wanauchomoa kwenye pindo za sari hizo hizo.

Kwetu sari haipo, lakini kitenge kilichochakaa kipo. Panga vitenge viwili, vitatu au vinne. Nyosha vizuri kwenye mkeka, ushikize kwa nyuzi ndefu za muda ili visiteleze, kisha piga bandi kuanzia katikati kwenda nje. Mistari ikikaribiana, blanketi linakuwa imara. Ikiachana kidogo, linakuwa laini. Linatia joto kwa sababu hewa inakaa kati ya tabaka na haina pa kwenda. Msiweke mfuko wa plastiki katikati, hata mkiona unazuia upepo: mtoto atalowa jasho na kuamka na baridi zaidi. Na uzi uwe wa pamba. Uzi wa nailoni ni mgumu kuliko kitambaa cha zamani, unakikata taratibu.

Ubaya wake: linataka vitambaa vizima, na sisi vitambaa vizima tunavyo vichache. Na hapo ndipo maneno yalipoanza.

KITENGE CHA MAMA

Katika kikundi kuna mama yetu mzee, mtu wa upande wa Fizi. Ana kitenge kimoja ambacho hakivai. Ndicho alichombebea mtoto mgongoni siku walipokimbia. Mtoto yule hakufika. Tulipokuwa tunatafuta vitambaa, mjukuu wake akakileta bila kuulizwa, na mkasi ukawa tayari mkononi mwa mmoja wetu. Mama akasema, “Mukate bikwembe byote munabyotaka. Hii hapana. Mukiikata, munanikata miye.”

Tulilijadili jambo hili karibu wiki tatu, na hatutaficha kwamba hatukukubaliana. Vijana walisema: kitambaa kizuri kimekaa kwenye mfuko miaka na miaka, kinangoja panya, na wajukuu wanatetemeka. Huo si upendo, walisema. Wakubwa wakajibu: mtoto yule hana kaburi tunalolijua, kitenge hiki ndicho kaburi lake, na kaburi halikatwi viraka. Pande zote mbili zilikuwa na neno la kweli.

Mmoja wetu akatusimulia habari nyingine ya Gee's Bend. Mwaka 1942 mama mmoja wa huko, Missouri Pettway, alichukua nguo za kazi za mumewe aliyefariki, akazikata, akazishona blanketi ili amkumbuke na kujifunika nazo. Vijana wakafurahi: mnaona, yeye alikata! Mama mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema, “Yule alikata mwenyewe.”

Neno hilo lilitufundisha kuliko vipimo vyote. Tangu siku ile hatukumwuliza tena kama atakubali kukata. Tulimwonyesha njia ya tatu, tukamweleza kwamba ndani ya tabaka kitenge kinaingia kizima. Alikaa nalo siku mbili. Akaja na kitenge chake, akasema kikae katikati, kati ya shuka na kitenge kingine, kisionekane. Sindano ya kwanza aliipitisha yeye. Leo wajukuu zake wawili wanalala chini ya blanketi hilo. Anayelipigia pasi haoni kitu, ila mwenyewe anajua kilipo.

Kwa hiyo, wapendwa, ushauri wetu ni huu. Usiulize kwanza njia ipi ni nzuri. Uliza kitambaa ulicho nacho ni cha nani. Vipande vya fundi visivyo na mwenyewe, vipeleke kwenye nyumba ya magogo. Jinzi, suruali na vipande vya kila umbo, vishone kutoka pembeni kwenda katikati. Lakini nguo yenye mtu ndani yake, ya mama, ya marehemu, ya siku ya safari, usiiguse kwa mkasi mpaka mwenyewe aseme. Akikataa, kuna tabaka. Mshono unafumuliwa, kilichokatwa hakirudi.

Neno la mwisho kuhusu kuuza. Wageni wameanza kuulizia blanketi hizi, na kwacha tunazihitaji, hatukatai. Ila kila nyumba ya kikundi ipate la kwake kwanza. Halafu unapotaja bei, hesabu uzi, hesabu sindano, hesabu na jioni zako zote. Mtu asikuambie ni viraka tu. Na blanketi lenye kitenge cha mtu ndani haliuzwi, hata wakitaja bei gani.

Mwezi ujao tutaeleza jinsi ya kugeuza kola ya shati iliyolika. Wenye vipande vyembamba msivitupe, tuleteeni Alhamisi mchana, tukikutana. Na wewe uliye na kitenge chini ya mfuko, usiogope kuja nacho. Tutakiangalia tu.

Tunawatakia usiku wa joto.