Mila zote zipimwe kwa pishi moja

Mwishoni mwa Oktoba mwaka jana nilisafiri kwa basi kutoka Musoma kwenda Bunda, nikiwa nimeketi nyuma ya walimu wawili. Mmoja alikuwa akimwonyesha mwenzake picha za vijana wa Dar es Salaam waliovaa vinyago vya mafuvu, wakisherehekea sikukuu ya kigeni iitwayo Halloween. "Huu ni upagani mtupu," alisema. Tulipofika Makutano, panapochepuka barabara ya Butiama, akaongeza: "Sawa na ule wa wazee wa huku na misitu yao."

Kauli hiyo haifai kuachwa ipite, kwani msemaji ni mwalimu, na neno la mwalimu huota mizizi kichwani mwa mtoto.

Ni kweli kwamba mizizi ya Halloween ni ya kale kuliko Ukristo. Watu wa Ireland waliadhimisha Samhain, yaani mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya baridi. Mifugo ilirudishwa kutoka malishoni, mioto mikubwa iliwashwa, na iliaminika kwamba usiku huo mizimu hutembea miongoni mwa walio hai. Kufikia karne ya 9 Kanisa la Magharibi lilikuwa likiadhimisha Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba; baadaye tarehe 2 ikawa siku ya kuwaombea marehemu wote. Wanahistoria wanabishana iwapo tarehe hizo zilichaguliwa kwa makusudi ili kuifunika sikukuu ya kale. Lisilobishaniwa ni kwamba sala mpya na desturi za zamani zilikaa nyumba moja kwa karne nyingi. Waireland waliokimbia njaa ya viazi miaka ya 1840 walizipeleka desturi hizo Marekani, na huko boga likawa taa ya sikukuu. Leo mnufaika mkuu ni mwenye duka.

Je, asili pekee yatosha kuhukumu mila? Kama yatosha, Waislamu wa Makunduchi, Unguja, wangelazimika kuuacha Mwaka Kogwa, ambao asili yake ni mwaka mpya wa Kiajemi uliotangulia Uislamu. Wao huuadhimisha kila Julai, na Uislamu wao haujapungua.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1922 mtoto alizaliwa Butiama siku ya mvua, akapewa jina Kambarage, ambalo ni la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Mwaka 1943 alibatizwa Nyegina, karibu na Musoma, akaitwa Julius. Mwalimu Nyerere aliishi na majina yote mawili, akahudhuria misa maisha yake yote, na akazikwa Butiama, katika ardhi ya wazee wake. Mwaka 1962, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alieleza kwamba kazi yake ni kutafuta yaliyo mema katika mila za makabila yote. Hakusema mila zote ni njema, wala hakukataza kujifunza kwa wageni.

Hapo ndipo kilipo kipimo. Ukeketaji ni mila ya baadhi ya makabila ya Mara, na hapana budi ufe. Si kwa kuwa ni wa kipagani, bali kwa kuwa unamjeruhi mtoto wa kike, na sheria ya mwaka 1998 inauharamisha kwa walio chini ya miaka 18. Lakini msitu unaoachwa bila kukatwa kwa sababu ya heshima ya wahenga unamdhuru nani? Unahifadhi miti, unalinda chemchemi, na kumkumbusha kijana kwamba ana kwao.

Ndugu walimu na watumishi wa umma, kwa Wazungu Oktoba ni mwezi wa majani kupukutika. Kwetu ni vuli, mwezi wa kupanda. Kabla hatujapanda fikra vichwani mwa watoto, tuchague mbegu. Mtoto akiuliza habari za Halloween, aelezwe historia yake yote. Akiuliza habari za msitu wa babu yake, apelekwe kwa mzee akasikilize na kuandika. Anayefundishwa kumwita babu yake mpagani huku akivaa kinyago cha babu wa mwenzake hajapata ustaarabu. Amebadilishiwa kasumba tu.