Kipupwe Kimeingia, Twende Shamba



Asubuhi moja ya mwezi wa Julai nilishuka pwani ya Liwatoni, upande ule wa kisiwa cha Mombasa unaotazamana na Likoni, nikiwa nimejitanda shuka mabegani. Vijana walinicheka, kwani kwao baridi ya Mombasa si baridi. Lakini mtu akishapata umri huijua kusi kwa mifupa yake kabla haijajaza matanga. Nje ya mlango wa bahari mawimbi yalikuwa yakipasuka meupe, na mashua kadha wa kadha zilikuwa zimevutwa juu. Mvuvi mmoja kijana alikuwa akikunja nyavu zake na kuzitia guniani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo huendi baharini?"

"Siendi, mzee. Kusi imekaza. Nakwenda shamba kwa mama. Mahindi yamekwisha kukauka na mikono haitoshi. Na Jumamosi kuna ngoma."

Nikamwombea safari njema, nikarudi nyumbani. Lakini maneno yale hayakuniondoka moyoni. Maana katika maneno machache yale kijana alikuwa amenieleza kipupwe chote jinsi kilivyo: bahari hufunga mlango wake, shamba hufungua wake, na watu hukutana.

Wasomaji wa bara wataniuliza, kipupwe ni nini? Sisi watu wa pwani twahesabu mwaka kwa pepo na mvua. Masika hunyesha kwa nguvu mwezi wa Aprili na Mei, na kusi huanza kuvuma. Mvua zikipungua huja kipupwe, yaani miezi ya Juni, Julai na Agosti, ambapo joto la mchana mjini Mombasa hushuka hata digrii 28 au 27, na usiku hata 20. Baadaye huja demani, kisha vuli na mvua zake ndogo, na mwisho kaskazi na jua lake kali. Kipupwe basi ndicho baridi yetu. Wenzetu wa Ulaya wakiwa katika baridi yao, mashamba yamelala chini ya theluji, nao hukusanyika na kufanya sherehe kwa kuwa kazi ya shamba imesimama. Kwetu mambo ni kinyume: twakusanyika kwa kuwa shamba limetoa. Mahindi yaliyopandwa kwa mvua za masika huvunwa, mpunga wa mabondeni huko Kwale hukatwa, na ng'ombe wamenenepa kwa majani mabichi. Mwenye chakula nyumbani haoni haya kualika mgeni.

Kwa sababu hiyo kipupwe kina sherehe nyingi kuliko majira mengine katika mashamba yaliyo karibu na miji yetu. Upande wa kusini, kwa Wadigo na Waduruma, utasikia ngoma ya sengenya ikilia usiku. Upande wa kaskazini, karibu na Malindi, Wagiriama hukutana kila mwaka katika mwezi wa Agosti kumkumbuka Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza kuukataa utawala wa Waingereza mwaka 1913. Na huko Mkomani, ng'ambo ya kisiwa, Chama cha Kilimo cha Kenya, ambacho kilianzishwa mwaka 1901, hufanya Maonyesho ya Mombasa, kwa desturi mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Huko mkulima huona mbegu, mifugo na vyombo vya kazi, na karani hupata kukumbuka kwamba unga haumei dukani.

Lakini sherehe ninayotaka kuieleza leo ni ile ya kale kuliko hizo, nayo ni Siku ya Mwaka, ambayo wengine huiita Nairuzi. Neno lenyewe latoka Uajemi, na maana yake ni siku mpya. Zamani hapa Mombasa siku hiyo ilikuwa kubwa. Ng'ombe alizungushwa mjini huku watu wakisoma na kuomba dua, mji ukingwe na maradhi na shari, kisha akachinjwa penye kaburi la Shehe Mvita na nyama yake ikaliwa na watu. Taifa kumi na mbili za Mombasa, Tisa Taifa na Thelatha Taifa, zilihusika na jambo hilo, wakiwamo Wakilindini, ambao zamani walikuwa na mji wao upande huu huu wa kisiwa tunaoishi sisi wa Liwatoni. Wako masheikh walioikataza desturi hiyo kwa kuona haina msingi katika dini, na mimi si mwanachuoni wa kuamua baina yao. Nasema tu kwamba watoto wengi wa Mombasa wa leo ukiwauliza Siku ya Mwaka ni lini, watakuambia tarehe 1 Januari.

Atakaye kuiona sherehe hii ikiwa hai na aende Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, safari ya saa mbili hivi au pungufu kutoka mjini Zanzibar. Huko yaitwa Mwaka Kogwa, na katika miaka yetu hii hufanyika mwezi wa Julai. Vijana wa pande mbili hutoka uwanjani wakiwa na mapande ya migomba, wakapigana. Wala si mchezo wa watoto. Mtu hupigwa hasa, ila mgomba ni laini na hauvunji mfupa. Wanawake hupita wakiwa wamevaa nguo zao nzuri, wakiimba. Kisha hujengwa kibanda cha makuti, mzee mmoja huingia ndani, kibanda hutiwa moto, naye hutoka salama, na watu hutazama moshi waelekea wapi. Tena watu huenda kuoga baharini, na huko kuoga ndiko kulikoipa sherehe jina lake. Kila nyumba hupika, na mgeni asiyejulikana na mtu hukaribishwa ale, kwani kwao kutokuwa na mgeni siku ile si jambo jema.

Mtu mwenye haraka ataona vijana wanapigana kwa migomba, acheke, apige picha, aende zake. Lakini ukiwauliza wenyeji watakuambia kwamba kila mwenye kinyongo cha mwaka mzima hukitoa siku ile uwanjani, mbele ya watu, na jua likichwa haruhusiwi kukichukua tena. Deni la moyo hulipwa kabla mwaka mpya haujaandikwa. Wala si wa kijijini tu: wana wa Makunduchi wanaofanya kazi mjini, na wengine walio mbali zaidi, hufunga safari warudi kwao siku hizo. Naona hii ndiyo sababu ya sherehe yao kudumu. Si wageni wenye picha wanaoiweka hai, bali ni karani aliyeomba ruhusa ya siku 4 ili arudi kwao.

Sasa nisikilizeni habari ya hesabu, maana imenifundisha jambo. Mwaka wa Nairuzi una siku 365. Wazee waliugawa kwa miongo, na kila mwongo ni siku 10. Miongo 36 ni siku 360, na siku 5 za kusalia hukamilisha mwaka. Mkulima alijua apande mwongo gani, na nahodha alijua avunje safari mwongo gani. Hesabu ni nzuri, lakini ina kasoro moja: haina mwaka mrefu. Jua halikamilishi mwaka wake kwa siku 365 kamili, bali huzidi kwa robo ya siku kasoro dakika chache. Basi asiyeongeza siku moja kila miaka 4, sikukuu yake hurudi nyuma siku moja. Waajemi waliliona jambo hili wakaitengeneza hesabu yao mwaka 1079, na mshairi Omar Khayyam alikuwa mmoja wa wanajimu walioifanya kazi hiyo. Kwa hiyo Nairuzi yao hukaa Machi mwaka baada ya mwaka. Maparsi wengi wa Bara Hindi hawaongezi siku, na mwaka wao mpya siku hizi huangukia Agosti. Sisi pia hatukuongeza. Wazungu walioandika habari za Unguja katika miaka ya 1870 waliikuta Siku ya Mwaka mwishoni mwa Agosti. Leo iko Julai. Imesogea zaidi ya mwezi mzima, wala hapana mtu aliyeiona ikisogea, kwani siku moja katika miaka 4 ni kitu gani?

Wasomaji wangu, udugu nao husogea vivyo hivyo. Nisiwasimange wengine, nitajitaja mwenyewe.

Wajomba zangu walikuwa na mashamba upande wa Matuga, ng'ambo ya Likoni. Kwa miaka 9 sikufika huko wakati wa mavuno. Kila kipupwe nilipeleka fedha za kuwalipa vibarua, nikajiona mpwa mwema. Mwaka wa kwanza nilikosa ruhusa kazini. Mwaka wa pili mtoto aliugua. Mwaka wa tatu sikutafuta hata sababu. Katika muda huo watoto wa wajomba zangu wawili waligombana juu ya minazi 4 iliyo mpakani mwa mashamba yao, na baba zao wote wawili wamekwisha kufariki. Walifika mahali pa kutosalimiana. Harusi ya mmoja mwenziwe hakuhudhuria.

Mjomba wa tatu, aliyebaki hai, alinipigia simu. Yeye hakuwa na habari ya mpaka ule, kwani minazi ilipopandwa alikuwa kazini katika kiwanda cha sukari cha Ramisi. Akaniambia, "Fedha zako zimefika, mpwa wangu, Mungu akuzidishie. Lakini fedha hazitoi ushahidi."

Nikaenda. Tukavuna siku 2, mikono yangu ya kalamu ikatoka malengelenge, na usiku wa pili tukaketi chini ya mwembe, wote wawili wakiwapo kwa kuwa ni mavuno na hapana awezaye kukataa mavuno. Mjomba akauliza, nani aijua minazi ile? Ndipo nikakumbuka jambo ambalo lilikuwa limelala kichwani mwangu zaidi ya miaka 50: mimi, mtoto mdogo, ndiye niliyeichukua miche ile kwa kapu, na wajomba zangu wawili waliipanda pamoja, mmoja akichimba na mwenziwe akifukia, wakasema hii ni ya wote, iwe alama. Nikayasema hayo. Mkubwa akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi na tuangue pamoja." Mdogo hakusema kitu, lakini asubuhi alileta madafu, akampa mwenziwe wa kwanza.

Yafaa niwaeleze na sehemu iliyonichoma. Mimi si shahidi peke yangu. Mama mdogo, aliyekuwa mtu mzima siku ile ya kupanda, aliijua habari yote kuliko mimi, na neno lake lingemaliza ugomvi tangu siku ya kwanza. Lakini yeye alikuwa amekwisha kuhama dunia mwaka mmoja kabla, na katika miaka yake ya mwisho alilala kitandani wala hapana aliyefikiri kumwuliza. Lau ningalikwenda kipupwe kimoja tu mapema, ningalimkuta, tukaizungumza. Nilichelewa kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na kumbe humwaga pia.

Kwa hivyo nina maneno matatu kwenu. Kwanza, wewe karani, usiyatumie mapumziko yako yote mjini. Tenga siku chache za kipupwe, uende kwenu mavunoni, nawe uchukue watoto. Mtoto aliyebeba mche ndiye shahidi wa miaka 50 ijayo.

Pili, wewe mkulima, ndugu yako wa mjini akija usimfanye mgeni wa kuketi kitini. Mpe kapu. Tena mwulize wazee mlio nao juu ya mipaka, mashahidi wakiwapo, na mwandike yote waliyosema, maana karani sasa amekuja na kalamu yake.

Tatu, kila kijiji kina siku yake ya kukutana, iwe ni maulidi, ngoma, au mavuno tu. Siku hiyo isiwe ya kula peke yake. Mwenye kinyongo akiseme, wazee waamue, na asubuhi yake kisitajwe tena. Kama watu wa Makunduchi wanayaweza hayo kwa mapande ya migomba, sisi tutashindwaje kwa maneno?

Kwani hesabu ya wazee haikuharibika kwa kosa kubwa. Iliharibika kwa kuwa hapana aliyeongeza siku moja. Siku hiyo moja, wasomaji wangu, ndiyo ninayowaomba muiongeze katika kipupwe hiki. Mashua bado zimevutwa juu pale Liwatoni, na ng'ambo mahindi yamekauka. Kivuko cha Likoni kingali kikivusha watu.

Wasalaam.