Mtoto wa Miwani Asivuliwe Thelujini

Moja kati ya barua zilizotufikia mwezi huu imetoka kwa dada yetu anayeishi Norway pamoja na mumewe na watoto. Anatueleza kwamba mwezi Februari shule ya kijana wake wa miaka tisa huwa na siku ya skii, nalo darasa zima hupelekwa nje ya mji kuteleza juu ya theluji, kila mtoto akiwa na mbao mbili nyembamba zilizofungwa miguuni. Kijana huyu huvaa miwani ya -3. Mwaka jana miwani yake ilivunjwa na mpira uwanjani, na kununua nyingine kuliwaumiza sana mfukoni. Basi anauliza kama kuna ubaya wowote kijana akiiacha miwani nyumbani siku hiyo moja, kwa kuwa hatasoma wala kuandika.

Ubaya upo, dada yetu, nao si mdogo. Namba hiyo ya -3 maana yake ni kwamba bila miwani mtoto huona sawasawa mpaka umbali wa sentimita 33 hivi, yaani kupita kidogo tu urefu wa rula yake ya shule. Mwenye -2 huishia nusu mita. Kuanzia hapo na kuendelea, mti, mwamba, kamba ya uzio na mtoto mwenzake aliyeanguka njiani vyote huwa kama vimefunikwa na moshi. Sasa fikirini mtoto anayeteremka kilima kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ambao hata wanaojifunza huweza kuufikia. Kila sekunde anapita zaidi ya mita 8. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la mchezo huo, FIS, zinasema kwamba anayetoka nyuma ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa aliye mbele yake. Atamkwepaje mtu ambaye hamwoni?

Tena theluji yenyewe ni nyeupe juu ya nyeupe. Siku ya mawingu hata wenye macho mazima hushindwa kutofautisha bonde na kichuguu, kwa sababu hakuna kivuli. Mtoto asiyeona mbali huwa amepungukiwa mara mbili.

Habari ya gharama tunaielewa, nasi tunajua ni mama gani huketi usiku akipiga hesabu. Lakini kabla ya kununua lolote, mwulizeni mwalimu ni skii za aina gani, kwa maana ziko mbili. Ziko za kutembelea kwenye njia tambarare na vilima vidogo, ambazo watoto wengi wa Norway huanza nazo wangali wadogo sana, na hizo ndizo alizokimbia Philip Boit wa Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Halafu ziko za kuteremka mlima kwa kasi.

Kwa zile za tambarare mtoto hutoka jasho jingi kama aliyekimbia, na miwani mikubwa ya kinga ingejaa mvuke mara moja. Huyo yamtosha miwani yake mwenyewe, ikiwa na utepe wa kunyumbuka nyuma ya kichwa ili isidondoke anapoanguka (naye ataanguka, msihangaike), pamoja na kofia yenye ukingo mbele wa kuzuia theluji na jua. La muhimu ni vioo. Mwambieni mwuza miwani kwamba ni vya mtoto wa michezo, avitengeneze kwa plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, ambayo haivunjiki kwa urahisi na pia huzuia karibu miale yote ya jua inayodhuru jicho. Vioo vya kweli, vile vya zamani vinavyopasuka vipande, visiende thelujini kabisa. Katika nchi kadhaa za Ulaya serikali huchangia miwani ya watoto, kwa hiyo yafaa kuuliza kabla ya kulipa.

Akiwa ni wa kuteremka mlima, hapo atahitaji helmeti, na juu ya miwani yake avae miwani mipana ya kinga, ile yenye kioo kimoja kikubwa na sponji pembezoni. Lakini si kila ya kinga inafaa. Iko iliyotengenezwa mahsusi kwa wanaovaa miwani. Ndani ina nafasi zaidi, na sponji yake imekatwa pembeni ili mikono ya miwani ipite. Ya kawaida huisukuma miwani ya mtoto mpaka ikambana pua na kuacha alama kwenye kipaji. Nendeni dukani na mtoto mwenyewe, miwani yake usoni na helmeti kichwani, avae vyote pamoja kwa dakika kumi. Akilalamika kwamba panauma nyuma ya masikio, mwamini. Mtoto anayeumia ataivua mkiisha kugeuka.

Kuna pia fremu ndogo yenye vioo vya daktari inayochomekwa ndani ya miwani ya kinga, na kuna miwani ya kinga ambayo kioo chake chenyewe kimepimwa. Ni vizuri, lakini namba ya mtoto hubadilika kila anapokua, nasi tunaona fedha hiyo ni afadhali iende kwenye kumpima macho kila mwaka. Lenzi za kuvaa jichoni zinawafaa vijana wakubwa na akina mama wenyewe, hasa zile za kutumia siku moja na kutupa. Hazigandi kwa baridi kama wengine wanavyosema, ila hukausha jicho, na kamwe zisioshwe kwa maji ya bomba wala ya theluji. Mtoto wa miaka tisa mwenye mikono ya baridi asisumbuliwe nazo.

Adui anayewafanya watoto wengi waivue miwani ni ukungu. Pumzi na jasho vina joto, kioo kina baridi, na mvuke hugandamana pale pale kama kwenye mfuniko wa sufuria. Sisi wauguzi tunamfahamu adui huyu tangu siku tulipoanza kuvaa barakoa na miwani pamoja. Dawa ya wodini ni kuosha vioo kwa maji yenye sabuni kidogo na kuviacha vikauke bila kusuuza. Husaidia na thelujini pia, japo mwulizeni kwanza mwuza miwani ikiwa vioo vimepakwa dawa maalumu. Skafu isipandishwe juu ya pua, kwa kuwa huelekeza pumzi yote kwenye macho. Miwani ya kinga isipandishwe kwenye paji la uso wakati wa kupumzika, maana hapo hukusanya jasho, wala ndani yake isisuguliwe kwa glovu. Ikilowa, iguswe polepole kwa kitambaa laini.

Limebaki jua. Theluji mpya huweza kurudisha usoni hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, ambapo mchanga mkavu wa pwani hurudisha kama asilimia 15 tu. Ndiyo sababu hata wapandaji wa Kilimanjaro hushauriwa wachukue miwani ya jua. Februari jua la Norway bado liko chini. Hatari huongezeka Machi na Aprili, wakati familia nyingi za huko huenda milimani kwa Pasaka. Siku ya jua kali kioo cha kinga kiwe cha giza, daraja la 3, na siku ya mawingu cha manjano au waridi, daraja la 1. Kote kuwili kiwe na alama ya UV400, kwa sababu giza peke yake halizuii miale hiyo. Hupanua mboni tu na kuiachia nafasi zaidi ya kuingia.

Jicho lililoungua kwa theluji halisemi siku ile ile mchana. Mtoto hurudi mzima, anakula, analala, kisha baada ya saa 6 hadi 12 anaamka analia kwamba ana mchanga machoni, machozi yanamtiririka na taa hataki kuiona. Mama hudhani ni homa au mafua. Kilichoungua ni konea, ule utando mwangavu wa mbele ya jicho. Mvueni lenzi kama amevaa, mlazeni gizani, mwekeni kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofungwa, na mpeni parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Asijisugue. Msimtie maziwa ya mama, wala chai, wala dawa ya macho iliyobaki ya mtu mwingine. Na yale matone ya kufa ganzi anayotumia daktari wakati wa kupima si ya kupelekwa nyumbani, kwani huchelewesha kupona. Kwa kawaida hupata nafuu kwa siku moja hadi tatu. Akiwa haoni vizuri, au siku moja ikipita bila nafuu yoyote, mpelekeni kwa daktari.

Kuhusu miwani ya zamani, dada yetu: kama bado unayo na namba haikubadilika sana, mwonyeshe mwuza miwani. Akikubali, iwe ya akiba, uitie kwenye kisanduku kigumu ndani ya mkoba wa kijana, na mwalimu aambiwe kwamba mtoto huyu haoni bila miwani. Mwandikie karatasi. Walimu wana watoto wengi siku hiyo.