Kwa nini muuguzi wa Marburg hujifunika mwili mzima, na wa kifua kikuu huvaa barakoa tu?

Mwaka 2023, na tena mwanzoni mwa 2025, mkoa wa Kagera ulikumbwa na ugonjwa wa Marburg. Waliowahudumia wagonjwa walijifunika kuanzia utosini hadi unyayoni. Lakini ukifika kituo cha afya kwa dawa za kifua kikuu, unamkuta muuguzi na barakoa tu. Si kwamba wewe hujali afya yake, wala yeye si mzembe. Marburg hupita kwenye damu na majimaji ya mwili. Kifua kikuu hupita hewani. Vazi hufuata njia ambayo waganga wanaamini ugonjwa unapitia, na imani hiyo imewahi kuua.

Ulaya ya karne ya 17, daktari wa tauni alivaa joho lililopakwa nta na kinyago chenye mdomo mrefu kama wa ndege. Anayetajwa kulibuni, mwaka 1619, ni Charles de Lorme, daktari wa mfalme wa Ufaransa. Ndani ya mdomo ule ziliwekwa dawa za kunukia, kwa sababu waliamini tauni huletwa na uvundo. Manukato hayakuzuia kitu. Huenda joho ndilo lililosaidia, kwa kuwa viroboto hawakulipenya kirahisi, ingawa wakati huo hakuna aliyewashuku viroboto.

Kisa kinachotugusa zaidi ni cha Manchuria, kaskazini mwa China, mwishoni mwa 1910. Daktari Wu Lien-teh, mwenye miaka 31, alisema tauni ile ilikuwa ya mapafu na ilipita kwa pumzi. Akawataka wahudumu wafunike pua na mdomo kwa shashi na pamba. Gérald Mesny, daktari Mfaransa aliyemzidi umri na uzoefu, alikataa. Yeye alijua tauni ni ya panya na viroboto, na kweli tauni aliyoizoea ilikuwa hivyo. Akaingia wodini bila barakoa. Siku chache baadaye, Januari 1911, alifariki. Tauni hiyo iliua watu wapatao 60,000.

Siku hizi upande wa pili nao una imani zake. Ebola ilipoua zaidi ya watu 2,200 mashariki mwa Kongo kati ya 2018 na 2020, kuna familia zilizoyaona mavazi yale meupe kuwa ndiyo yanayoleta kifo: ndugu alichukuliwa na watu wasio na sura, akarudi maiti, au hakurudi kabisa. Timu za afya zilishambuliwa.

Mjini Beni vikaletwa vyumba vya plastiki angavu, vyenye glavu zilizoungwa ukutani. Muuguzi alisimama nje, akaingiza mikono na kumhudumia mgonjwa bila kuvaa vazi zito. Ndugu nao walisogea karibu, wakamwona mgonjwa wao, wakazungumza naye.