Tupime Mwendo wa Ng'ombe Wetu

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mfugaji wa Bukoba au Muleba anajua idadi ya ng'ombe wake, lakini ni nadra kujua wanatembea kilomita ngapi kila siku kutafuta majani na maji.

Jambo hili si dogo. Kwa makadirio ya wataalamu wa lishe ya mifugo, ng'ombe wa kilo 250 akitembea kilomita 10 kwenye tambarare hutumia nguvu zinazokaribia zile zilizomo katika lita mbili za maziwa. Kupanda kilima ni ghali zaidi: mita moja ya kwenda juu hula nguvu kama mara kumi ya mita moja ya tambarare, na nchi yetu ni ya vilima. Aidha samadi, ambayo ni uhai wa kibanja cha migomba, hudondoka njiani badala ya kubaki zizini.

Siku hizi sehemu za rweya zimepandwa misonobari na mikaratusi. Hatupingi miti, kwani nayo ni mali. Lakini malisho ya karibu yakitwaliwa, safari ya ng'ombe hurefuka. Serikali ya kijiji igawayo rweya pasipo kuujua mwendo huo yagawa maziwa na samadi ya wananchi bila kukusudia. Kwa ndugu zetu wa Bumbire na visiwa vingine vya Muleba hatari ni kubwa zaidi: mpaka wao ni ziwa, na majani yakiisha hakuna pa kuhamia.

Vipo vyombo vya kufungwa shingoni mwa ng'ombe, vinavyopokea ishara za satelaiti. Hata hivyo, kikiandika mara moja kwa saa, chombo hukata kona na kuifupisha safari. Kikiandika kila sekunde chache, humhesabia mwendo hata ng'ombe aliyesimama. Kwa hiyo bwana mifugo hana budi kufuatana na mchungaji kutwa nzima, kiangazi na masika. Penye uhaba wa vyombo, saa, daftari na ramani ya kijiji vyatosha kuanzia.

Sheria ya maeneo ya malisho ya mwaka 2010 ipo. Twaziomba Halmashauri zetu zihakikishe kwamba, kabla ya kugawa rweya au kuchimba lambo, vipimo hivyo vinasomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Hapo ndipo wananchi watakapoamua kwa hesabu, si kwa kukisia.